Anza Wewe, Baba

Lori la tatu lilimpita bila kupunguza mwendo, likamwachia vumbi mdomoni.

Kengewa akalitema. Akashusha mkono, akasubiri.

Mbele yake nyika ya kaskazini ilikuwa imelala chali: changarawe, miiba, upepo. Hakuna nyumba. Hakuna hata kivuli cha kumtosha kuku. Mwanamke anayesimama peke yake kando ya barabara kama ile ama ni kichaa, ama ana jambo.

Kengewa alikuwa na jambo. Na bastola ya Glock 19 chini ya sweta.

Huko mpakani, pande mbili zilizochinjana miaka nenda miaka rudi zilikuwa zimekusanyika kutia saini amani. Wazee, askari, kina mama na watoto mgongoni. Lakini wapo ambao amani huwaua njaa: wauza silaha. Idara ya ujasusi, iliyomtuma Kengewa, ilinasa maneno yao machache tu hewani. *Mzigo umeondoka. Uko barabarani.*

Mzigo gani? Gari gani? Hakuna aliyejua.

Mwenzake alitangulia kwa Land Cruiser ya Idara. Walimkuta ndani yake, ameungua mkaa mtupu. Adui aliyajua magari ya Idara kama ajuavyo viatu vyake.

Ndiyo maana Kengewa alikuwa anaomba lifti.

La nne lilikuwa Fuso la maji lenye tangi la bluu. Breki zikalia kama mbuzi. Likasimama.

"Binti, huku hupita fisi na wajinga," dereva akasema dirishani. "Wewe ni yupi?"

"Mjinga, baba."

"Basi panda. Fisi simpakii."

Barabara nzima ilimwita Mapipa, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya tumbo lake. Alikuwa na maneno kama redio. Mkewe alimtaka aache udereva. "Nikamuuliza, mama, nikiacha tutakula matairi?" Akacheka hadi usukani ukayumba.

Kengewa alicheka panapochekwa. Vidole vyake vilikuwa kwenye kopo la poda, ambalo ndani halikuwa na poda bali mtambo mdogo wa kunusa baruti. Taa ikawaka kijani.

Hakuna baruti.

Hata hivyo hakumwamini. Wacheshi nao huua.

Injini ilipochemka waliegesha. Mapipa akazunguka nyuma, akafungua koki ya tangi, akakinga kikombe cha bati na kumpa kwa mikono miwili.

"Anza wewe, baba."

Yalikuwa maneno ya adabu. Yalikuwa pia maneno ya mafunzo: usinywe kabla ya mwenyeji.

"Ama kweli umelelewa." Mapipa akagugumia chote, akajifuta mdomo, akakinga tena. "Maji ya leo laini. Yule mtaalamu mgeni wa bohari la maji kayatia dawa ya kusafisha kwa mkono wake mwenyewe. Ananisubiri huko mkutanoni ayakague."

Kikombe kilikuwa kimeshamgusa mdomo.

Kengewa akakishusha.

Simu ya setilaiti ikatetemeka mfukoni. Akasogea kando.

"Mlinzi wa bohari la maji amekufa," Mkuu alisema. "Alikinga maji kwenye lori lililolala pale. Hakumaliza saa mbili."

"Lori gani?"

"Fuso. Tangi la bluu."

"Ninalo. Dawa ya sumu hiyo?"

"Hakuna. Dereva ni mtu wao?"

Kengewa alimtazama Mapipa. Alikuwa anapangusa kioo, anapiga mluzi.

"Si mtu wao."

"Umejuaje?"

"Amekunywa."

Mkuu akakata simu.

Kengewa alirudi akamwambia yote, bila kupaka asali. Mapipa alikaa kwenye bampa.

"Kwa hiyo uliijaribu sumu kwangu," akasema.

"Sikujua kuwa mzigo wao ni maji, baba. Nimezoea tu kutomwamini mtu."

"Sasa unaniamini?"

"Ndiyo."

"Ghali hiyo." Akasimama. "Panda."

"Nitaendesha mimi. Wewe lala."

"Yule ananijua mimi. Akiona sura nyingine kwenye usukani atatoweka, na kesho atatia sumu kisima kingine. Panda, binti, kabla miguu haijanikatalia."

Mapipa akakinga chupa moja ya maji yale. Kengewa aling'oa mpini wa koki, mtu asilifungue tangi, akautia mfukoni. Akapanda.

Mapipa aliendesha kama mwendawazimu. Jasho lilimtiririka. Mara mbili alisimama kutapika. Hakusema tena habari za matairi.

Mahema yakatokea. Watu walishapanga madumu foleni. Kando ya foleni, mtu mwenye kofia pana alisimama karibu na Land Cruiser inayounguruma, dereva wake tayari kwenye usukani.

Kengewa aliteleza chini upande wa pili.

"Umechelewa," yule mtu alisema. "Fungua, watu wana kiu."

Mapipa alishuka kwa kushikilia mlango. Mkononi alikuwa na kile kikombe, kimejaa maji ya ile chupa.

"Kunywa wewe kwanza, bosi."

Mtaalamu akarudi nyuma hatua moja.

Hiyo ilitosha.

Mkono wa mtaalamu uliruka kiunoni. Glock ya Kengewa ikakohoa mara mbili. Kofia ikadondoka, mwenyewe akaifuata. Land Cruiser ikachomoka. Kengewa akapasua tairi la nyuma, gari likaishia mtaroni, askari wa mkutano wakalivamia kama nyuki.

Mapipa alikuwa ameketi, mgongo kwenye gurudumu. Kengewa akapiga magoti.

"Amekufa?"

"Amekufa, baba."

"Na mimi sitamwacha mbali." Midomo yake ilikuwa ya bluu. "Jina lako hasa nani? Usinidanganye, nimebakiza kidogo."

Kengewa lilikuwa jina la kazi tu; la kwake, miaka kumi na zaidi hakuwahi kulitamka kazini. Akainama, akamnong'oneza sikioni.

"Zuri," Mapipa alisema.

Hakusema tena.

Kengewa alimfumba macho kwa kiganja. Akawaambia askari wakae na tangi, mtu asiliguse. Akampigia Mkuu.

"Imekwisha. Leteni maji safi, watu wana kiu."

"Kazi nzuri. Helikopta inakuja kukuchukua."

"Imchukue dereva, impeleke kwa mkewe. Mimi nitaomba lifti."

Akakata simu, akatupia begi begani, akaelekea barabarani.