Shangazi wa Saa Sita Mchana

Siku ya kwanza alipokuja, Yande alishangaa jambo moja dogo: mlango ulibishwa kwa ndani.

Alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele, miguu imemvimba, mlango wa bati umefunguliwa na kuegemezwa ukutani ili upepo upite. Akasikia ngo, ngo, ngo. Akainua macho, akamwona mwanamke mtu mzima amesimama nje kwenye jua, mikono yote miwili imeshika ncha za mtandio. Lakini sauti ile, Yande angeweza kuapa, ilitokea nyuma ya bati, pale kati ya mlango na ukuta ambapo hata paka asingeenea. Alijiambia kwamba bati likipata moto hulia lenyewe. Ulikuwa mwezi wa Aprili, saa sita mchana, na katika mji wa Kaolack saa hiyo hata mbuzi hawasimami juani.

"Karibu, mama," akasema.

Mgeni akavuka kizingiti, akaketi bila kungoja kuonyeshwa pa kukaa.

"Usiniite mama. Mimi ni shangazi yake Birane, dada wa baba yake. Kodu. Hajakuambia habari zangu?"

"Hapana, shangazi."

"Hawezi kukuambia. Mimi na baba yake tuligombana tangu Birane anatambaa." Akacheka kidogo. "Ila niliposikia mke wa mwanangu ana mtoto tumboni, nikasema, ugomvi wa wakubwa unamhusu nini mtoto?"

Yande akainamisha macho kwa haya. Kwao mimba haitangazwi. Tumbo hata likifika mwezi wa nane, watu hulitazama kisha wakazungumza habari za mvua. Lakini ndani ya moyo alifurahi, tena sana. Mama yake mzazi alikwisha fariki, dada zake walikuwa mbali huko vijijini upande wa Fatick, na katika ua ule waliishi yeye na mumewe tu, pamoja na mwenye nyumba, Ajaratu Penda, bibi kizee mwenye masikio mazito ambaye adhuhuri hulala kama aliyekunywa dawa. Birane alikuwa akivuna chumvi kwenye mabwawa nje ya mji. Alitoka alfajiri, akarudi alasiri. Katikati hapo Yande alibaki na nzi na redio.

Tena siku hizo chumvi yenyewe ilikuwa imepigwa marufuku nyumbani. Muuguzi wa zahanati alisema shinikizo la damu limepanda, Yande asile chumvi kabisa. Birane akaitii amri kuliko aliyepewa. Alikuwa akioga na kubadili nguo kulekule kazini asije na hata punje, na jioni alikula wali wa samaki usio na ladha, amekunja uso kama mfungwa, akisema, "Mama mtoto akikatazwa, nyumba nzima imekatazwa."

Basi shangazi Kodu akawa anakuja kila siku. Alimlaza Yande chali, akamkanda tumbo kwa mafuta ya karanga, na mikono yake ilikuwa baridi kama mtungi. Katika joto lile, nani angelalamika? Alimuuliza kama amelala vizuri. Alimuuliza kama anaogopa uchungu wa kuzaa. Yande akamwambia mambo ambayo hata Birane hakuyajua, kwamba usiku huota mama yake anageuza uso, na kwamba anaogopa atakufa akimwacha mtoto bila mtu.

"Hatabaki bila mtu," shangazi akajibu. "Mimi nipo."

Kulikuwa na mambo madogomadogo ya ajabu. Alinuka tope la chini ya kisima, na manyoya ya mbuzi yaliyoloa. Sahani aliyowekewa hakuigusa, ila alipoondoka, Yande akionja kile chakula, hata pilipili ilikuwa haiwashi tena, kama kimetafunwa na kurudishwa. Na mtoto, ambaye zamani aliruka tumboni asubuhi nzima, sasa alitulia tuli mpaka saa sita ifike. Hapo ndipo alipoanza kucheza, kabla mgeni hajaonekana mlangoni, kama mbwa anayesikia hatua za bwana wake.

"Birane usimwambie bado," shangazi alimwonya kila anapoaga. "Siku ya kumpa mtoto jina nitatokea mwenyewe, tupatane mbele ya watu."

Yande hakusema. Ile ilikuwa siri yake ya kwanza katika ndoa, na kidogo aliionea utamu.

Jumatatu moja Birane akaomba ruhusa kazini, akampeleka zahanati. Muuguzi Ramata alikuwa Mtukulor, na Watukulor na Waserer, kabila la Yande, ni watani wa tangu enzi.

"Haya, Mserer, panda kitandani," akasema. "Nyinyi mnakula wali mpaka sufuria inaomba msamaha, halafu mnaniuliza miguu inavimba kwa nini."

"Afadhali sisi tunakula chetu," Yande akajibu. "Nyie maziwa mnayokunywa, ng'ombe ni wa nani?"

Ramata akaangua kicheko, akamfunua tumbo, na kicheko kikakatika katikati.

"Nani amekushika hivi?"

Ubavuni, kulia na kushoto, kulikuwa na michirizi ya damu iliyovilia, minne huku na minne huku, myembamba, ikipita chini ya mbavu mpaka mgongoni, na huko nyuma ncha zake zikakutana. Ramata akaweka kiganja chake juu ya mmoja wa michirizi ile. Kidole chake hakikufika hata nusu.

"Mumeo anakupiga? Sema. Sasa hivi mimi si mtani wako."

Birane akaitwa ndani, akasemwa hadharani kama mwizi. Walipofika chumbani, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mbele ya watu, Yande. Nimeitwa mpiga wajawazito mbele ya watu, na wewe umenyamaza."

"Si wewe. Ni shangazi. Ananikanda."

"Shangazi gani?"

"Wako. Kodu. Dada wa baba yako. Alisema nisikuambie, mpaka mpatane."

Birane akamtazama. Hasira ikamtoka usoni taratibu, na kilichokuja mahali pake kilimtisha Yande zaidi ya hasira.

"Baba yangu hana dada," akanong'ona. "Hana ndugu hata mmoja. Bibi yangu alikufa akimzaa yeye, mimba yake ya kwanza."

Siku ya pili Birane hakwenda kazini. Alifunga mlango kwa komeo, akaegemeza na pipa la maji nyuma yake, kisha akaketi mkekani bega kwa bega na mkewe akisoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini, na jua likapanda, na redio ya jirani ikanyamaza, na kuku wakanyamaza, na kelele zote za mtaa zikazama moja moja kama vitu vinavyotupwa majini, hata pakabaki pumzi zao wawili tu, na ndipo Yande akasikia harufu ya kisima, akageuza kichwa, na Kodu alikuwa tayari yumo, ameketi mbele yao, magoti yake yakigusana na magoti ya Birane.

"Amekua huyu," Kodu akasema kwa upole.

"Birane," Yande akanong'ona. "Unamwona?"

"Nani? Yuko wapi? Yande, yuko wapi?"

"Mwambie asogee kidogo," Kodu akasema. "Amekalia mtandio wangu."

Kisha akanyoosha mikono. Birane hakuiona, ila aliliona gauni la mkewe likibonyea tumboni, mashimo manne upande huu, mashimo manne upande ule, yakipanda na kushuka polepole jinsi mtu anavyokanda unga, na chini ya mashimo yale aliona mtoto akijigeuza, akifuata mikono ilikokwenda. Akaacha kusoma katikati ya aya.

"Zimebaki Ijumaa mbili," Kodu alimwambia Yande sikioni. "Usiogope uchungu. Nitampokea mimi mwenyewe."

Birane alitoka mbio pekupeku, akamwamsha Ajaratu Penda, akamfokea sikioni mpaka bibi akaelewa. Bibi hakushangaa kama alivyotarajia. Aliuliza swali moja tu.

"Nyumba yenu haina chumvi tangu lini?"

"Miezi miwili."

"Miezi miwili! Na upande huu wa mji, karibu na visima vya zamani!" Akajifunga kanga upya. "Asile, sawa, muuguzi kasema. Lakini nani alisema isikae ndani? Chumvi ndiyo inayowazuia."

Yeye ndiye aliyemwita Yaya Daba, muuza mizizi ya dawa sokoni, mwanamke mfupi mwenye kikohozi, aliyefika kesho yake na chupa ya kahawa na gunzi la hindi lililofungwa nyuzi nyeusi. Alinusa chumba kona hadi kona. Akakaa, akamimina kahawa yake, akanywa.

"Siku ya kwanza, ulimpokea kwa neno gani?" akamuuliza Yande.

"Nilisema karibu."

"Basi utamtoa wewe. Mimi nikimfukuza atafika pale kona, atageuka, arudi. Kwa nini aniogope? Mimi si mwenye nyumba." Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Sikiliza, binti. Usimwite shangazi. Usimlilie. Akisema uongo, mwache. Akisema kweli, ndipo uzibe masikio, maana kweli ndiyo kamba yake."

Birane alikuwa amebeba gunia la chumvi kutoka mabwawani. Akaimwaga kuzunguka mkeka na chini ya dirisha, akaacha njia moja tu ya mlangoni. Yaya Daba akachoma lile gunzi kwenye chetezo, moshi wake ukawasha macho. Wakangoja, Ajaratu Penda naye akiwa kando ya ukuta.

Saa sita, Kodu alisimama mlangoni. Hakuingia. Alitazama chumvi, kisha akamtazama Yande kwa uso wa mtu aliyekosewa.

"Haya ndiyo malipo yangu?" akauliza.

"Sina shangazi," Yande akasema. "Toka kwangu."

"Mama yako alipokufa, nani alikuja kukushika mkono? Dada zako walikuja?"

"Sina shangazi. Toka kwangu."

"Huyu mumeo, anayekupenda, amewahi kukuuliza unaogopa nini? Hata mara moja? Mimi nilikuuliza siku ya kwanza. Mtoto wangu, mimi nilikuuliza siku ya kwanza."

Yande akahisi machozi yanapanda, kwa kuwa ilikuwa kweli, kila neno, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyelijua hilo. Yaya Daba akamfinya mkono kwa kucha. Pale mlangoni Kodu akaanza kurefuka, bila haraka, kwanza vidole vikishuka chini ya magoti, chini ya pindo la nguo, vikagusa udongo na kuendelea kama mizizi, kisha shingo, kisha uso ukabaki juu kabisa penye kizingiti cha juu ukitabasamu vilevile kwa huruma, na mwanga wa jua nyuma yake ukawa mweusi, na kile kilichokuwa mlangoni ghafla hakikuwa mlangoni tena, na kimya kikajaa chumba kama maji, na ndani ya kimya hicho, kutoka ndani ya tumbo lake mwenyewe, chini ya kitovu, Yande akasikia:

Ngo, ngo, ngo.

Birane alisikia. Hata Ajaratu Penda, ambaye husikia adhana kwa kuambiwa, alisikia, akashika kinywa.

"Anaomba ruhusa," Yaya Daba akanong'ona, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hofu. "Usiseme lile neno. Binti, usiseme."

Ngo, ngo, ngo.

"Hakuna karibu!" Yande akapiga kelele, ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Hapa ni pa mwanangu! Sikutaki! Hakuna karibu!"

Maumivu yakampasua kiunoni. Kitu baridi kikamtoka mwilini kwa mkupuo, na maji yakaloanisha mkeka, yakinuka tope la kisima. Bati la mlango likajipiga ukutani mara moja. Halafu jogoo akawika mtaa wa pili, redio ikaanza kuimba, na maji yaliyokuwa yakiendelea kumtoka yalikuwa ya uzazi tu, ya moto, kama ya mwanamke yeyote.

Mtoto alizaliwa zahanati kabla ya magharibi, wa kike, mdogo lakini mwenye sauti. Ramata alimgeuzageuza, akamkagua kila mahali.

"Mzima," akasema. "Kilio chake cha Kiserer kabisa. Anadai wali."

Wakacheka, na Yande akalia huku akicheka. Siku ya saba walimnyoa nywele, wakampa jina Fatu-Penda, watu wakala uji wa uwele na maziwa ya mgando. Wiki hiyohiyo wakahamia mtaa mwingine karibu na soko. Birane akarudi kuingia nyumbani na nguo zake za kazi, nyeupe kwa chumvi mpaka kope. Na kila jioni, kabla ya kula, alimuuliza mkewe, "Leo uliogopa nini?" Hakuwa fundi wa kuuliza, alikuwa akitazama sahani, lakini aliuliza.

Yande alimjibu yote isipokuwa moja.

Mtoto alipotimiza siku arobaini, adhuhuri, Birane akiwa kazini, Yande alikuwa amemaliza kumnyonyesha. Joto lilikuwa limetanda. Alikuwa akiwaza habari za nguo za kufua, au alidhani anawaza hizo, mpaka alipojiona ametandika mkeka katikati ya chumba, ameweka sahani mbili, amefungua mlango na kuuegemeza ukutani, na midomo yake imekwisha kukunjika kulitamka lile neno. Hakuna aliyebisha. Hapakuwa na harufu yoyote. Ni yeye tu, na ngozi ya tumbo lake lililolegea ikitamani mikono baridi.

Alimnyakua mtoto, akatoka nje kichwa wazi, akakimbia hadi kwa wanawake waliokuwa wakitwanga uwele chini ya turubai, akaketi katikati yao bila hata kusalimu.

Tangu siku hiyo hakosi. Saa sita ikikaribia utamwona anapita na mtoto mgongoni, anatafuta penye watu. Mtaani wanamsifu, wanasema mke wa Birane hana makuu, anapenda watu. Yeye hutabasamu, hupokea mchi, hutwanga mpaka alasiri. Hawezi kuwaambia kwamba yule mgeni hamwogopi tena. Anachokiogopa ni kubaki peke yake saa ile, kwa kuwa anajijua: angefungua.