Lumbesa ya Kaka Lwitiko

Kila Jumamosi ya msimu wa mahindi, kazi yangu ni kushika mdomo wa gunia wakati baba anamimina. Kazi yenyewe haina raha hata kidogo. Vumbi linaingia puani, mikono inawasha, na dalali kutoka Mlowo anasimama pembeni akisema, "Ongeza, mzee, ongeza! Bado." Gunia likijaa, anataka lijazwe tena mpaka lichongoke juu kama kichuguu, ndipo lishonwe. Hiyo nyongeza ndiyo lumbesa, na hailipiwi hata senti.

"Huu ni wizi wa mchana!" baba hufoka. Hufoka, halafu anaongeza.

Jumamosi ile ya mwaka 2012 nyumbani kulikuwa na hasira nyingine. Kaka yangu Lwitiko alikuwa amemaliza kidato cha sita, naye alitaka kusomea shahada ya muziki Dar es Salaam. Ndiye mpiga kinanda wa kwaya yetu. Akianza kupiga, hata wazee wanaosinzia ibadani huinua vichwa. Lakini ada hatukuwa nayo. Ilibidi aombe mkopo, na mzazi alitakiwa kutia sahihi kabla ya Ijumaa. Baba alikuwa amegoma kabisa.

"Deni la kupiga kinanda?" aliuliza, akipiga gunia kwa kiganja. "Mbolea ya mkopo ilitumaliza. Ng'ombe wetu wawili walitolewa zizini tukiangalia. Angalau mahindi yanaliwa. Muziki unaliwa?"

"Nitalipa nikipata kazi, baba."

"Kazi gani? Mwaka huu umepiga kwenye harusi ngapi? Umeleta nini humu ndani?"

Jibu tulilijua sote: soda, sahani ya pilau, na "Mungu akubariki, kijana."

Jumapili alikuja shangazi Loisi, dada yake baba. Yeye alisomea muziki na ualimu chuo kikuu kwa mkopo, na sasa anafundisha chuo cha ualimu. Nilifurahi. Nilijua atamwambia baba kwamba muziki unalipa, na ubishi utakwisha.

Wapi! Shangazi alikunywa chai yake taratibu, kisha akamwambia baba, "Kaka Fanueli, sitakudanganya. Nilipomaliza, mwaka mzima sikupata kazi. Niliuza vitenge. Sasa napata laki tano kwa mwezi, na elfu arobaini zinakatwa kabla sijaziona. Nilikopa milioni sita."

Hesabu naipenda, nikaipiga kichwani papo hapo. "Miezi mia moja na hamsini! Shangazi, ni miaka kumi na miwili na nusu!"

"Umeona?" baba akaruka. "Umesikia, Lwitiko? Mpaka ndevu ziote mvi!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mdomo wangu huu! Kaka aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga, nami nikamchukia shangazi kwa kusema kweli.

"Sijamaliza," shangazi akasema. "Huo ni mshahara tu. Nikipiga kinanda harusini nalipwa laki moja, na nusu yake napokea kabla sijafika. Lwitiko, wewe unatoza shilingi ngapi?"

"Mimi? Shangazi, wale ni watu wa kanisani. Naona aibu."

"Basi usikope. Shahada haitakufundisha kutaja bei. Utarudi na deni, na pilau itakuwa ileile."

Kabla hatujatulia, hodi ikapigwa. Alikuwa Mzee Danford, mwenye maduka ya vipuri Tunduma, anamwoza binti yake Jumamosi inayofuata. "Lwitiko, mwanangu, nimekuja kukukumbusha. Utatupigia kinanda siku nzima, eh? Kama kawaida."

"Sawa, mzee," kaka akajibu. Sawa! Nilihisi kichwa kinataka kupasuka.

"Mzee Danford," nikaropoka, "mpishi unamlipa?"

"Tumpale!" baba akanikemea.

"Mpishi analipwa, baba! Mwenye maturubai analipwa! Kila mtu analipwa, kaka ndiye anayeongezwa juu bure. Kaka ni lumbesa!"

Nilijua nitachapwa. Baba alinitazama, akamtazama kaka, kisha akaitazama mikono yake yenye vumbi la mahindi. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Lwitiko. Mwambie Mzee Danford bei yako."

Kaka akamgeukia. "Ibadani... ibadani nitapiga bure, mzee, ile ni sadaka yangu. Ukumbini ni elfu themanini. Nusu naomba leo."

"Haa! Tangu lini mtoto wa kanisani akawa na bei?"

"Tangu leo," kaka akajibu. Mzee Danford aliguna, akalalamika, akataja jina la marehemu babu yetu, mwisho akatoa noti nne za elfu kumi.

Alipoondoka, tulipiga hesabu upya. Kaka angeomba kusoma muziki pamoja na ualimu, kama shangazi. Angekopa ada tu. Chakula na chumba angevitafuta kwa kinanda chake. Deni lingepungua karibu nusu. Baba alisoma kila mstari wa makubaliano ya mkopo mara mbili, akauliza maswali mpaka shangazi akachoka, kisha akatia sahihi.

"Sikilizeni wote wawili," akasema. "Deni si dhambi, lakini uliingie baada ya kupiga hesabu ya kweli, hata kama inauma. Na kazi yako usione aibu kuitajia thamani. Mimi nilidhani muziki haulipi, kumbe ni sisi tuliokubali usilipiwe."

Jumamosi iliyofuata, kaka akiwa harusini kwa Mzee Danford, dalali alirudi. Nilishika mdomo wa gunia kama siku zote. Likajaa.

"Ongeza, mzee, ongeza!"

Baba hakufoka safari hii. Alinipa sindano na kamba.

"Shona hapohapo, Tumpale," akasema. "Limejaa."