Simwachi Lempi

Sahani ya plastiki aliyoirusha Senja Kangas mchezoni ilikikosa kikapu cha shabaha, ikapaa juu ya mteremko, ikaenda kumgonga kisogoni fundi aliyekuwa akipaka grisi magurudumu ya lifti ya viti vya kupandia kilima. Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, kilima cha jiji kimefurika watu: wenye baiskeli wanashuka mbio, familia zinapanda kwa viti kutazama ziwa. Wote wakaangua kicheko.

"Jamani, samahani kaka! Umeumia?"

"Nimekufa," alijibu, akageuka. Shati la mirabaraba myekundu, ndevu za rangi ya shaba, macho yanacheka. "Ila pai ya nyama inaweza kunifufua."

Senja akamnunulia mbili. Alikuwa Wendell Rautio, mtumishi wa jiji: kiangazi hukata nyasi na kutengeneza lifti, baridi ikiingia hutandaza theluji ya wanaoteleza kwa ski. Senja alikuwa mgeni, ana miezi miwili tu akinyoosha viungo vya wagonjwa katika hospitali iliyo chini ya kilima. Kufika Septemba simu zao hazipoi.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Na acha kuniita malkia, nimekuweka spika, wagonjwa wote wanakusikia!"

"Wasikie tu! Wana wivu hao."

Oktoba ikaja barua ya kazi kutoka Denver, jiji la mbali. Mshahara mnono, jibu kabla ya saa kumi na moja jioni Ijumaa. Senja hakutaka kwenda, ng'o! Alitaka Wendell amwambie abaki, basi. Alhamisi mchana akavaa koti lake la manjano, akajipulizia manukato, akapanda hadi karakana ya kilimani. Kabla hajabisha hodi akamsikia Wendell akiongea na simu.

"Simwachi Lempi, bosi! Miaka kumi na mmoja niko naye. Najua kazeeka, anakohoa kila asubuhi, lakini nikimgusa tu anaitika. Huyo mpya mzuri wa macho, sikatai. Ila sina mazoea naye."

Huyo mpya! Senja alishuka kilima machozi yanamtoka. Wendell alipiga mara tisa bila kupokelewa. Ya kumi akapokea.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Kamuulize Lempi wako! Kaa na kikongwe chako!"

Akakata, akamfungia na namba.

Alfajiri theluji ya kwanza ikaanguka, nzito, mji mzima mweupe. Saa kumi na dakika arobaini jioni Senja alikuwa dirishani wodini, simu mkononi, akitafuta moyo wa kuwakubalia watu wa Denver. Mara, ngurumo! Dude jekundu lilikuwa linateremka kilima, minyororo inasaga theluji, nyuma lina meno kama kitana. Likaja likasimama uwanjani hospitalini. Mlangoni limeandikwa kwa rangi nyeupe: LEMPI.

"Si mashine ya kuchana theluji hiyo?" alisema bibi mmoja mgonjwa. "Watu wa kilima huzipa majina ya wanawake zote."

Senja alitamani ardhi immeze. Akatoka mbio bila koti.

"Huyu ndiye mke mwenzio!" Wendell alipiga kelele, kofia imekaa upande.

"Na huyo mpya?"

"Mashine nyingine, jiji wanataka kuinunua! Senja, nakupenda wewe, jamani. Nilikuwa naogopa tu kukwambia."

Senja alicheka huku analia. Kisha akamwambia habari ya Denver, na kwamba zimebaki dakika chache tu za kujibu. Kicheko kikamkauka Wendell.

"Kazi nzuri?"

"Nzuri mno."

Wendell alivua kofia. "Najua sina haki ya kukuomba. Lakini usiende. Tafadhali, usiende."

Senja akabonyeza namba palepale, theluji inamwangukia nyweleni.

"Halo, ni Senja Kangas. Nashukuru sana, lakini sitakuja. Hapana, si mshahara. Naolewa."

"Unaolewa?" Wendell alimaka. "Na nani?"

"Jumatatu, jiji wakifungua ofisi ya ndoa," alisema Senja. "Uje na shati safi."