Utani Uliobandikwa Juu

Jumanne ya tarehe 12 Machi 2024, saa nne na nusu asubuhi, ndipo nyumba ya Magesa wa Suguti ilipoharibika. Naitaja saa kwa sababu watu wanapenda kusema mambo kama haya huanza polepole. Hayakuanza polepole. Saa nne na robo mama wa nyumba hiyo alikuwa anacheka.

Jina lake Benedikta. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, barabara imelowa, wenye pikipiki wanapita taratibu wakimsalimia. Kibanda chake cha mabati kilikuwa mbele ya nyumba. Upande mmoja alipanga chupa za petroli za kuwauzia hao wenye pikipiki, upande wa pili palikuwa na meza ambako majirani waliacha simu zao zichajiwe kwa sola. Siku za mawingu alitegemea pawabenki, lile dude la kuhifadhia umeme, kubwa kama tofali, alilowatumia mtoto wao Clementi kutoka Geita. Bila hiyo pawabenki kibanda kingekuwa kinafungwa masika yote.

Sasa ilikuwa imevimba. Benedikta aliiweka kiganjani akaigeuza.

"Baba Clementi, hii kitu ina mimba," alisema. "Sijui itatuzalia nini."

"Haizai leo," Magesa akamjibu. "Dawa yake nimeshaipata. Nimeuliza kundini."

Hapo, ndugu zangu, lazima nirudi nyuma kidogo, mlielewe hilo kundi.

Clementi alipokuja Krismasi alimwachia baba yake simu ya kupangusa, na kabla hajaondoka akamwingiza katika kundi la mtandaoni la wapenzi wa teknolojia wa Mara. Watu elfu mbili na mia tatu, wa Musoma, Bunda, Butiama, hadi Tarime. Mafundi wamo, walimu wamo, na vijana wasio na kazi wamo. Ubishi wao haukomi. Wa Kitaji, Musoma mjini, anasema simu isiyo na tunda nyuma ni kikokotoo. Wa Bunda anamjibu kwamba afadhali kikokotoo, yeye amenunua tunda na tangu siku hiyo hajala chakula kingine. Mwingine anasema kompyuta zote zitakufa, mwingine anamuuliza atazizika wapi. Magesa alikuwa akiyasoma hayo huku anachunga ng'ombe, anacheka peke yake, na mengi hakuyaelewa. Lakini aliwaheshimu. Alisoma mpaka darasa la nne, akatolewa akachunge, na maisha yake yote aliamini mtu anayejua kitu cha umeme ni mtu wa maana.

Jambo moja hakulijua. Kundi lilikuwa na desturi waliyoiita ubatizo. Mgeni akiuliza swali lake la kwanza hajibiwi kweli. Anajibiwa kwa utani siku nzima, na utani uliochekesha kuliko yote viongozi wa kundi wanaubandika juu kabisa, mahali ambapo kila anayefungua anauona kwanza. Atakayemwambia mgeni jibu la kweli kabla siku haijaisha, maneno yake yanafutwa. Ati ameharibu mchezo.

Jumatatu mchana Magesa aliandika, kidole kimoja kimoja: "Hamjambo wataalamu. Pawabenki ya mama wa nyumbani kwangu imevimba. Nifanyeje? Ndiyo tunaitegemea."

Wa kwanza kumjibu alikuwa kijana wa Bunda anaitwa Gody.

"Shikamoo mzee. Wewe ni mfugaji?"

"Marahaba mwanangu. Ndiyo. Nina ng'ombe saba."

"Ng'ombe wako akila majani mabichi akavimba tumbo, unamfanyaje?"

"Ninamtoboa ubavu wa kushoto, upepo unatoka."

"Sasa mzee si umejijibu mwenyewe! Hiyo nayo imeshiba umeme kupita kiasi. Tafuta sindano ndefu, itoboe ubavu wa kushoto, upepo ukitoka itanywea."

Wakamiminika. "Asisahau kuifunga miguu." "Mzee hakikisha haijacheua." "Ubavu wa kushoto ni ule wenye tundu la chaja." Chini ya kila neno walipanga zile sura za njano zinazobubujika machozi. Magesa aliziona nyingi sana, akadhani wanamwonea huruma.

Msimcheke. Mwaka ule wa majani ya umande Suguti, ng'ombe watatu wa majirani walivimba asubuhi moja, na ni Magesa aliyeitwa na kisu chake chembamba. Alitoboa watatu, wakapona watatu. Kwa hiyo aliyoambiwa kundini hayakuwa mageni kwake. Yalikuwa ni mambo anayoyafanya kwa mikono yake. Ukitaka kumdanganya mtu mpaka ndani, mdanganye kwa kitu anachokijua.

Hata hivyo hakukurupuka. Alilala nayo. Jumanne asubuhi akafungua simu tena, akakuta maneno ya Gody yamebandikwa juu kabisa, yamewekewa alama ya viongozi. Basi akaridhika. Kwetu huku karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji haiwekwi na mlevi. Inawekwa na mwenye mamlaka, ukiifuata huna kosa.

Benedikta hakuridhika haraka.

"Si ungesubiri Jumamosi umwonyeshe fundi wa mnadani?"

"Fundi mmoja, na hawa wako elfu mbili. Tena viongozi wenyewe wamebandika juu, soma."

"Mimi kusoma nasomaga, Baba Clementi. Nashangaa tu chombo cha chuma kina ubavu."

"Wewe shika huku. Ikaze isiteleze."

Akaikaza kwa mikono miwili mezani, kama watu wanavyomkaza ng'ombe. Magesa akachukua shazia ya kushonea magunia, akapima kidogo juu ya tundu la chaja, akasukuma.

Ilifoka. Moshi mweupe ulitangulia, na kabla Benedikta hajaachia, moto ukatoka pale palipotobolewa kama kitu kilichokuwa kimefungiwa kwa hasira. Ukaruka mezani, ukapita kwenye simu za watu, ukazifikia chupa za petroli. Magesa alirushwa mlangoni akaangukia nje. Mke wake alikuwa upande wa ndani.

Jirani yao Makongoro alikuja na ndoo za mchanga, wenye pikipiki wakavunja bati la nyuma, wakamtoa. Gari la kumpeleka Musoma lilipatikana saa sita.

Aliishi siku tisa. Alikuwa amefungwa bandeji kuanzia kichwani mpaka kiunoni, midomo tu ndiyo inaonekana. Siku ya nne alimwita mumewe karibu.

"Umewaambia?"

"Nani?"

"Wale wa kundini. Waambie isitobolewe. Mtu mwingine atatoboa."

Magesa akatoka nje ya wodi, akaandika: "Nilitoboa kama mlivyoniagiza. Imewaka. Mke wangu ameungua, yuko hospitali. Msimwambie mtu mwingine atoboe."

Kundi likalipuka kwa kicheko. "Mzee naye anajua kutania!" "Huyu amehitimu, mpeni cheti." "Leta video, bila video hatuamini." Gody akaandika: "Ulitoboa wa kulia wewe."

Magesa akawajibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana watoto wanasoma. Baada ya dakika chache simu ikamwambia ameondolewa kundini kwa kutumia lugha chafu. Hiyo ndiyo kanuni waliyoisimamia. Kumwambia mtu achome nyumba yake hakukuwa na kanuni. Tusi lilikuwa nayo.

Benedikta alifariki Alhamisi, tarehe 21. Clementi aliwahi mazishi, hakumlaumu baba yake hata kwa neno moja, na hilo lilimuumiza Magesa kuliko lawama.

Arobaini ilipopita, Magesa alipanda gari kwenda Bunda. Alikuwa ameulizia, akaambiwa mkuu wa kundi anaitwa Edwin, ana duka la kutengeneza simu Manyamanyama. Alimkuta ameinamia simu iliyofunguliwa, kijana nadhifu, miwani usoni.

"Shikamoo mzee. Karibu. Imekufa kioo?"

"Marahaba. Mimi ni Magesa. Wa pawabenki."

Bisibisi ikasimama.

"Pole, mzee wangu. Pole sana. Tulikuja kujua baadaye kwamba ilikuwa kweli."

"Nani alibandika yale maneno juu?"

"Mzee, ule ulikuwa utani. Kila mgeni anabatizwaga hivyo. Hata mimi walinibatiza, waliniambia nioshe kompyuta kwa sabuni ya unga."

"Ukaosha?"

"Hapana. Mimi nilikuwa nimesomea."

"Mimi sikusomea. Ndiyo maana niliuliza."

Edwin akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Nani alibandika?" Magesa akarudia.

"Mimi. Lakini mzee, tuseme ukweli, hakuna aliyekushika mkono ili utoboe."

"Hakuna. Aliyekuwa ameshika ni mke wangu."

Mteja aliyekuwa amesimama nyuma akaondoka kimya na simu yake. Edwin akafungua droo, akaifunga, akafungua tena. Akatoa pawabenki mpya ndani ya boksi lake, akaisukuma juu ya meza.

"Chukua, mzee. Bure."

Magesa aliitazama. Akaiacha palepale.

Alikwenda kwenye ofisi ya wakubwa, akaambiwa mambo ya mtandao yana ofisi yake. Akaenda hiyo nyingine, akaulizwa ushahidi uko wapi. Maneno yalikuwa yameshaondolewa kundini. Akaambiwa arudi wiki ijayo, akarudi, akaambiwa mhusika yuko semina. Wakubwa hao hao hawamalizi mkutano wa hadhara bila kutuambia tuhamie kwenye dijitali. Tumehamia. Wao wako semina.

Mwezi wa sita akapigiwa simu na mwanamke asiyemjua.

"Naitwa Hilda, mzee. Ninafundisha kompyuta huku Butiama. Nimo kwenye lile kundi. Kuna kitu nataka nikuonyeshe, siwezi kukisema kwenye simu."

Akaenda Butiama. Mwalimu Hilda alimkaribisha sebuleni, akamwekea chai ambayo hakuna aliyeinywa. Akamfungulia picha ya kioo cha simu yake, aliyoipiga ile Jumatatu. Magesa akasoma polepole, midomo ikitembea: "Mzee Magesa, USITOBOE. Hiyo kitu itawaka moto. Usiichaji. Itoe nje, iweke juu ya mchanga mbali na nyumba. Hao wanakutania."

"Hii sikuiona," Magesa akasema.

"Haikukaa hata dakika tano. Ilifutwa. Nikaandika tena, ikafutwa tena, kisha nikafungiwa nisiandike siku nzima. Nilipiga picha kwa hasira tu, niwaonyeshe wenzangu kazini upuuzi wa lile kundi."

"Namba yangu ilikuwa inaonekana?"

Hilda akainamisha kichwa. "Ilikuwa inaonekana."

"Hukunipigia."

"Sikukupigia, mzee. Nilijiambia mtu mzima hawezi kutoboa kweli. Kila siku najiuliza. Nilikuwa nasahihisha mitihani, nikasema kesho."

Magesa akamrudishia simu yake. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alilia mbele ya mtu, na mwalimu naye akalia, kila mmoja akitazama upande wake. Kisha Magesa akamwomba amsomee yale maneno kwa sauti. Akamsomea. Akaomba tena.

MAFUNZO YA HADITHI HII

Pawabenki au betri ya simu ikivimba, usiitoboe, usiibane, usiichaji. Itoe nje uiweke juu ya mchanga, mbali na nyumba na mbali na mafuta, kisha umtafute fundi unayemwona kwa macho. Mfundishe na mama yako aliye kijijini, usimwachie simu halafu ukapanda basi.

Ninyi mnaojua mambo ya mitambo, chekeni, hakuna anayewakataza kucheka. Lakini mtu akiwauliza jambo la moto, la umeme au la dawa, mpeni jibu kwanza ndipo mcheke. Hamumwoni aliyeko upande wa pili. Hamjui alisoma mpaka wapi, wala ni nani amemshikia kitu anachotaka kutoboa. Na wewe uliyeona kosa ukanyamaza kwa sababu ulikuwa na kazi nyingine, namba ilikuwa inaonekana.

Ila mzigo mkubwa siuweki kwa Gody. Waropokaji wamejaa kila mahali na hawaishi. Nauweka kwa wanaoshika funguo, wale wanaoamua kipi kikae juu na kipi kifutwe. Kundi ni kama kijiji. Ukikubali kuwa kiongozi wake umekubali kubeba watu wake, hata wasiojua kusoma sura za njano.

Kundi lile lipo mpaka leo, na limeongezeka watu. Lina viongozi watatu. Edwin amekiri kubandika, lakini anaapa kwa jina la mama yake kwamba kufuta hakufuta. Wawili waliobaki wanatumia majina ya kujificha na picha za wanyama. Mwalimu Hilda amewauliza mbele ya kundi zima mara tatu, na mara tatu swali lake limeondolewa. Magesa ameacha kuuliza kuhusu utani. Anauliza jambo moja tu, na mimi nawauliza pamoja naye: yale maneno ya Hilda, ambayo yangemfanya Benedikta awe hai leo, ni nani aliyeyafuta?