Mlango wa Majeneza

Foleni ya mafuta ya taa kwenye duka la ushirika ilitushika mpaka jua likawa linazama. Mie na mke wangu Adelina tukanyoosha moja kwa moja kanisani kujaza taa za ibada ya kesho.

Mie ndiye niliyekuwa mtunza kanisa. Miaka hiyo ya Ujamaa Temeke yetu ilikuwa bado mikorosho mitupu, na kanisa letu la Kilutheri, la tangu Wajerumani, ndilo lililopita minazi kwa urefu. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, nene hata mtu angeweza kulazwa ndani yake. Ukuta wa kaskazini ulikuwa na tao la mlango uliozibwa.

Waumini tulikuwa tumeongezeka, sie watu wa bara, wazee wa kanisa wakaamua mlango ule ufunguliwe. Fundi Mwinshehe akabandua chokaa siku moja tu, akaosha mwiko wake, akakataa kuendelea.

"Baba yangu ndiye aliyeuziba," aliniambia. "Ulikuwa wa kupitishia majeneza. Walimpitisha mwanamke aliyekufa na mimba yake. Wachukuzi wakasikia hodi ndani ya sanduku. Wakaambiwa twende, wakazika. Basi ikawa kila magharibi... hodi, mlangoni hapo. Ukisikia, Revelian, usiitike."

Nilimsimulia Adelina. Alicheka huku kashika tumbo, maana alikuwa mwezi wake wa kujifungua.

"Mhaya mzima unaogopa ukuta?"

Nikamwambia naogopa. Imani yangu ni haba, Mungu anajua.

Jioni ile alikuwa anafuta mabenchi, anaimba tenzi kwa chini chini. Mie nilikuwa madhabahuni na kibiriti, nimewasha taa moja tuone. Nikasikia harufu ya mbao mbichi, kama mtu karanda ubao sasa hivi.

Kisha ukutani...

Ngo. Ngo. Ngo.

"Hodi..."

Sauti ya mwanamke. Ya upole, imechoka, kama jirani aliyekuja kuomba kaa la moto.

Adelina alikuwa ameupa ukuta mgongo. Ni binti wa mwinjilisti, kafundishwa tangu mdogo kwamba mtu haachwi mlangoni.

"Karibu," alisema.

Halafu akaziba mdomo.

Mwali wa taa ukalala upande. Upepo haukuwepo.

"Revelian," alininong'oneza. "Ameingia."

"Kaingia wapi?"

Alishika tumbo lake. Aliinua mikono kutoka tumboni taratibu, kama mtu aliyegusa kitu cha wenyewe.

Usiku uleule alizaliwa Yustina. Mchungaji alimbatiza, na mlango ukapigwa chokaa tena. Fundi Mwinshehe alikuja kumwona mtoto. Alisema mashallah kutoka kizingitini, ila kumpakata hakumpakata.

Sasa Yustina anakimbia, anacheza, hana ugonjwa. Lakini neno lake la kwanza halikuwa mama. Kila magharibi huacha mchezo wake, akasimama mbele ya ukuta wa chumba chetu, akagonga kwa vidole vyake vidogo.

"Hodi."

Sie tunakaa kimya. Mtoto wetu wa kumzaa, ndani ya nyumba yake, tunamnyima karibu. Nasali, na moyoni najua nasali kwa woga, si kwa imani.

Jana aligonga mpaka akachoka. Akageuka, akamtazama mama yake. Sauti ilikuwa ya upole. Imechoka.

"Mbona siku ile uliniitika?"