Dobi na Viti vya Alhamisi

Dobi alifulia nyuma ya ukumbi wa sanaa. Kwa miaka kumi na tisa alifua mavazi ya waigizaji. Alijua mfalme yupi anatoka jasho sana, na malkia yupi anajimwagia chai. Mkewe ndiye aliyepiga pasi. Lakini mchezo wenyewe hawakuwahi kuuona hata siku moja.

"Mle ni mwa watu wenye nafasi zao," Dobi alizoea kusema. "Sisi tuna ndoo zetu."

Mkewe alikuwa akicheka tu. Mwaka huu hakucheka. Macho yake yalikuwa yanafifia. Daktari alimwambia kwamba dawa itachelewesha giza, lakini haitalizuia.

"Baba watoto," alisema asubuhi moja, akipapasa joho jekundu la mfalme. "Joho hili nimelinyoosha mara ngapi? Nataka kuliona likitembea kabla macho yangu hayajazima."

Dobi alimpenda mkewe kupita kiasi, na mapenzi yakamtia ujinga. Alhamisi mchana alichukua suti ya mteja mmoja na gauni la buluu la mteja mwingine.

"Vaa. Tukipendeza, nani atatuuliza?"

"Nguo si zetu hizi!"

"Jioni nitazifua tena. Wenyewe watajuaje?"

Suti ilikuwa kubwa, mikono ikamfunika mpaka vidole. Walitembea kwa madaha hadi kwenye dirisha la tiketi. Mkata tiketi, msichana mpole, aliinua kichwa. Akalitazama gauni. Akalitazama tena.

"Shikamoo mama. Umependeza kwelikweli." Akasita. "Ila gauni hilo ni langu. Nilimtuma mdogo wangu alipeleke kwa dobi Jumatatu."

Dobi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkewe akamgeukia.

"Si nilikwambia? Haya, mwizi wangu mzee, sema sasa!"

"Nisamehe, binti yangu," Dobi alisema. "Kosa ni langu, si lake. Macho yake yanaisha. Nilitaka auone mchezo, nami sijui watu wa humu huvaa nini."

Msichana alijaribu kukasirika, akashindwa.

"Baba, nani alikwambia humu watu huingia kwa magauni?"

"Kila mtu anasema hivyo."

"Basi huyo kila mtu hajawahi kuingia! Sikilizeni. Ukumbi huu unapata ruzuku, yaani fedha za serikali za kuuendesha. Fedha hizo zinatoka kwenye kodi. Hata wewe unalipa kodi ukinunua sabuni ya kufulia. Ndiyo maana sera ya serikali inasema sanaa ni ya wananchi wote. Kila Alhamisi mchana, viti arobaini ni vya wakazi, bure. Unakuja siku moja kabla, unaandikisha jina, basi. Asiyeona vizuri anakaa mstari wa mbele na msaidizi wake. Asiyeona kabisa, yupo mtu wa kumsimulia sikioni yanayotokea jukwaani."

"Na hayo yameandikwa wapi?" mama aliuliza.

"Kwenye tangazo, ukutani, kule ndani."

"Ndani! Sasa sisi wa nje tungelisomaje?"

Msichana alishika mdomo. "Hapo umenikamata, mama."

Akawapa nakala ya tangazo. Dobi akarudisha nguo za watu, akaomba radhi, akalibandika tangazo juu ya meza ya kupokelea nguo. Asiyejua kusoma, alimsomea.

Jumatano iliyofuata walijiandikisha. Alhamisi walikaa mstari wa mbele, wamevaa nguo zao wenyewe. Mfalme alipoingia, joho lilipepea karibu kabisa na uso wa mama.

"Ndilo lenyewe!" alisema kwa sauti. "Na mikunjo yangu ya pasi imesimama!"

Ukumbi mzima ulicheka. Mfalme akamwinamia mama kwa heshima. Dobi alikosa kuona mengi siku hiyo, maana machozi yalimjaa.

Mwezi mmoja baadaye, foleni ya Jumatano ilikuwa ndefu. Fundi viatu alikuwepo, muuza mboga na mama yake mzazi, na nusu ya wateja wa Dobi.

"Mama, nikuandike mstari wa mbele tena?" msichana aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Mbele mpe mtu ambaye hajawahi kuingia. Mimi niitie yule wa kusimulia sikioni. Nataka tuzoeane mapema."