Nyumba Yenye Matundu

Célestine na mumewe Gaston wanaishi na binti yao Chloé mtaa wa Hillbrow, ghorofa ya saba. Kwao ni Bukavu. Gaston ni mlinzi. Célestine huuza matunda kando ya barabara.

Wiki moja zabibu nyingi zilibaki. Célestine akaziweka roshani ndani ya beseni ili zikauke. Akazifunika kwa nailoni, maana mvua ilikuwa ikinyesha kila jioni. Alipofunua, zilikuwa zimeota ukungu.

"Eish, zitupe," alisema Gaston. "Kukausha zabibu hatukuwezi."

"Nitoe tu zile mbovu?" Célestine alimuuliza Lois, jirani yao Mkenya anayefundisha ujenzi chuoni.

"Hapana, Mama Chloé. Ukungu huenea hata pale usipouona. Unaweza kuwadhuru watu."

"Lakini nilizifunika vizuri."

"Ndiyo sababu. Maji ya zabibu yalikosa pa kutokea. Zabibu zinataka upepo."

Lois akawaonyesha picha kwenye simu: nyumba ya udongo katika kijiji cha Afghanistan. Kuta zake zilijaa matundu.

Chloé akasogea kutazama. "Wameipiga risasi?"

"Hapana. Waliyaacha makusudi walipojenga. Upepo unaingia huku, unatokea kule. Zabibu zinaning'inizwa ndani."

"Na watu wanalala wapi?"

"Kwingine. Hii ni ya zabibu tu."

Gaston akaichukua simu. "Kwa nini wasizianike juani?"

"Wengine huanika. Jua huzifanya nyeusi. Kivulini zinachelewa kukauka, lakini rangi ya kijani inabaki."

Gaston alimrudishia Lois simu. Kisha akalowesha kidole, akakitoa nje ya roshani kujua upepo unatoka wapi.

Kesho yake alileta makasha ya mbao kutoka sokoni. Aliyapanga upande wenye kivuli, akaacha nafasi kati ya mbao, akazungushia chandarua kuzuia nzi. Célestine aliosha zabibu nyingine, akaondoa zilizopasuka, akaning'iniza vichala bila kugusana. Radi ikianza kunguruma, waliviingiza ndani. Mvua ikikatika, walivirudisha.

Wiki zilipita. Zabibu zilinywea, zikawa laini na tamu, bila harufu mbaya. Chloé alionja moja, akanyoosha mkono tena.

Célestine alizipeleka barabarani. Mteja akaonja, akauliza, "Mama, hizi unazinunua wapi?"

"Sizinunui," alijibu Célestine. "Zina nyumba yao kwetu, ghorofa ya saba."